Mkate wa mchele wa mvuke: Pishi lisilodai tanuri

MPANGAJI wa chumba kimoja Nchiru, kando ya barabara ya Meru kuelekea Maua, ni nadra kumiliki tanuri. Kwa sababu hiyo wengi huamini kuwa keki na mikate mitamu ni vitu vya kununuliwa tu. Sivyo. Mchele uliosagwa huiva vyema kwa mvuke, na sufuria kubwa yenye kifuniko yatosha.

Ufilipino ndiko sanaa hii imeshamiri. Vikeki vyeupe viitwavyo puto hutengenezwa kwa mchele ulioroweshwa, ukasagwa, ukaachwa uumuke, kisha kupikwa kwa mvuke na aghalabu kuliwa na nazi iliyokunwa. Ndugu yake, bibingka, huokwa kwa makaa juu na chini. Msomaji wa Pwani atatabasamu hapo, kwani mkate wa kumimina wa Mombasa na Unguja una viungo karibu vilevile na hupaliwa makaa vivyo hivyo. Kinachopendekezwa hapa ni rojo la mkate wa kumimina, likipikwa kwa njia ya puto.

Mchele haupatikani mbali. Mashamba ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, yaliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari, yako katika njia ya kutoka Nairobi kwenda Embu na Meru. Pishori ya huko inanukia, lakini bei yake ni ya juu. Hapana haja ya kununua punje nzima: chenga za mchele uohuo ni nafuu, na kwa kuwa zitasagwa, mlaji hatatambua tofauti. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa uepukwe, maana hausagiki ukalainika.

Vikombe viwili vya mchele huoshwa na kuroweshwa usiku kucha. Asubuhi maji humwagwa, mchele ukasagwa kwa blenda pamoja na kikombe kimoja na robo cha tui zito lenye uvuguvugu, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kidogo cha hamira, nusu kijiko kidogo cha iliki na chembe ya chumvi. Isagwe hadi rojo lisikwaruze vidoleni. Wapishi wengi huharibikiwa hapa kwa kukosa subira, na mkate huwa na mchanga mdomoni. Anayekosa nazi aweza kutumia maziwa ya ng'ombe, ingawa ladha haitakuwa ileile.

Rojo hufunikwa hadi liumuke na kutoa mapovu, jambo linalochukua takriban saa moja mahali penye joto. Nchiru iko kwenye mwinuko, na asubuhi za Julai ni baridi. Bakuli liwekwe ndani ya maji ya uvuguvugu, wala si ya moto, kwani moto huua hamira.

Chombo cha bati hutandikwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea. Maji yachemke kwanza ndani ya sufuria, bakuli dogo la bati lifudikizwe humo liwe kiegemeo, ndipo chombo kiwekwe juu yake na rojo limiminwe hadi nusu. Kifuniko kifungwe kitambaa safi ili matone yasidondoke na kuulowesha mkate. Ncha za kitambaa zifungwe juu, mbali na moto.

Mkate huiva kwa dakika 30 hivi. Mahali palipoinuka maji huchemka chini ya nyuzi 100, hivyo dakika tano za ziada hazidhuru. Asifunue mtu kabla ya dakika 20, la sivyo utabonyea katikati. Kijiti kikichomwa kikatoka kikavu, umeiva. Upoe ndipo ukatwe.

Tui huchacha upesi. Pasipo na jokofu, mkate huu uliwe siku hiyohiyo.