Kabla ya Teni kwa Teni

Ukiingia kwenye nyumba ya mawe ya zamani pale Lamu, jambo la kwanza litakalokushangaza ni wembamba wa vyumba. Ni virefu, ndio, lakini upana wake ni kama mita mbili u nusu hivi, nadra kufika tatu. Wengi hudhani ni mtindo, kumbe ni mti. Dari imebebwa na boriti za mkoko zilizopangwa bega kwa bega, na juu yake kuna mawe ya matumbawe na chokaa. Huo uzito si wa mchezo. Ukipanua chumba zaidi ya hapo, boriti zinaanza kupinda. Kwa hivyo upana wa chumba cha kulala ukaamuliwa kule baharini, kwenye matope, na mti.

Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Oman na pande za Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vikatoka vyembamba vilevile. Mkoko wetu ulipima nyumba za watu ambao hawakuwahi kuuona ukiwa na majani.

Fundi wa Lamu hakuwa na kanjo wa kumsimamisha kazi, lakini hakujenga alivyotaka. Alibanwa na mti, alibanwa na jua, na alibanwa na mwenye nyumba. Kuta zilijengwa nene ili joto la mchana lichelewe kuingia. Nyumba nyingi zilielekezwa kaskazini, ambako pia ndiko kibla. Katikati palikuwa na uwanja ulio wazi, wao wanauita kiwanda (hakuna mashine, tulia), na vyumba vyote vilivuta mwanga na hewa kutoka hapo. Ukitoka barabarani unapita dakani penye baraza, halafu njia inapinda kabla ya kuingia ndani, ili mpita njia asione kinachoendelea. Usam Ghaidan, msanifu aliyechora na kupima nyumba hizo katika miaka ya sabini, aliziandikia kitabu kizima, na nusu ya kitabu hicho unaweza kuisoma kama jibu la swali moja: nani analala humu?

Jibu lake si tamu kote. Waliolala kwenye mawe walikuwa waungwana. Watumwa waliochoma chokaa na kuibeba hawakuwa na chumba cha ndani chenye zidaka na vyombo vya kauri. Maskini alijenga kwa udongo na makuti pembeni mwa mji. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu wanapenda kuzungumzia nyumba za Lamu kana kwamba kila mtu wa zamani alikuwa na kiwanda chake.

Nimeingia kwenye mambo haya kwa sababu ya Anti. Amenunua ploti ya fifti kwa hundred upande wa Ruai, karibu mita 15 kwa 30, na anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa hata ya ujenzi, lakini kwa familia yetu mtu anayeandika anahesabiwa kuwa msomi wa kila kitu. Nikatumwa kwa mchoraji. Nikarudi na maswali mengi kuliko michoro, nikaanza kusoma.

Nyumba iliyonivutia si ile ya mawe. Ni ile ya udongo. Ilikuwa na umbo rahisi: ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye jiko na choo. Umbo hili lilitoka pwani likafuata misafara ya biashara na baadaye reli, likaota mizizi kwenye miji ya bara. Likafika Nairobi.

Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli kwenye kinamasi. Mwaka 1902 tauni ikaingia, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. Hapo ndipo sheria za ujenzi za mji huu zilipopata tabia yake: ziliandikwa na watu wenye hofu ya panya. Mwaka 1913 wakamleta daktari kutoka Uingereza, W. J. Simpson, achunguze afya ya miji ya Afrika Mashariki. Ushauri wake ulikuwa kila rangi ikae mtaa wake. Daktari ndiye akawa mpangaji wa mji. Sidharau usafi, mimi mwenyewe nataka mtaro unaopita. Ila ukianza kuchora nyumba kwa kuuliza ugonjwa utatoka wapi, mtu wa kuishi humo anageuka kuwa ndiye ugonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika wakatengewa Pumwani. Hapa kanjo ikafanya kitu ambacho, kwa bahati au kwa ubahili, kilikuwa na akili. Iligawa viwanja, ikaweka maji na vyoo vya pamoja, halafu ikawaachia watu wajenge wenyewe. Wakajenga ile nyumba ya ukumbi. Kuta za fito na udongo, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Ndiyo Majengo unayoisikia hadi leo.

Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, kwenye kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, ameonyesha jinsi walivyopata pesa, wengine kwa umalaya, wakazigeuza kuwa nyumba. Mabwana wa wakati huo waliwatukana. Mimi naona jambo moja ambalo mchoraji wetu wa Ruai hakulifikiria: mwenye nyumba mara nyingi alilala humohumo. Chumba kimoja chake, vingine vya wapangaji, wote wakipita ukumbi mmoja na kupika uani. Paa likivuja, lilimvujia na yeye. Choo kikijaa, alikisikia kabla ya mtu kumpigia kelele. Hakuhitaji inspekta wa kumkumbusha kufungua dirisha. Na ilikuwa nyumba ya chini, isiyo na ghorofa wala zege la kumwangukia mtu kichwani.

Ilikuwa na kasoro. Udongo unataka kukandikwa upya kila baada ya mvua kubwa, moto ukishika unaruka nyumba hadi nyumba, na vyoo vya pamoja ni vyoo vya pamoja. Lakini hizo ni kasoro za kurekebishwa. Ungeweza kuweka msingi wa mawe, mabati mahali pa madebe, bomba hadi uani. Badala yake serikali ikaamua umbo lote ni la kishenzi. Pangani, mtaa mwingine uliojaa nyumba hizi, ulibomolewa kuelekea mwisho wa miaka ya thelathini, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo linajieleza.

Kilichofuata ndicho kilichotuzaa sisi. Kanjo, reli na waajiri wakaanza kujenga mabweni ya wafanyakazi, na kipimo kikawa kitanda. Mtu hakupangishwa nyumba, wakati mwingine hata chumba hakupangishwa, alipangishwa mahali pa kulala. Mteja wa jengo hilo alikuwa mwajiri aliyetaka mikono bila mke wala watoto. Baada ya vita kuu ya pili mambo yalilegezwa kidogo. Kaloleni ilijengwa vizuri, nyumba za chini zimezunguka viwanja vya nyasi, na ukipita leo bado utaona miti. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948, ulioandikwa na Thornton White na wenzake, ulizungumza kwa lugha tamu kuhusu mitaa yenye shule na uwanja wake. Lakini nyumba zilikuwa chache, watu walikuwa wengi, na maneno hayaezeki paa.

Uhuru ukaja. Mwaka 1968 tukapata kanuni za ujenzi za kitaifa, za daraja mbili, moja ikiruhusu vifaa vya bei nafuu zaidi, lakini mifupa yake ilikuwa ya Kiingereza. Nimezisoma kwa uvumilivu. Zinajua mengi kuhusu ukuta na bomba. Hazimjui mama mwenye chumba kimoja cha ziada anachotaka kupangisha. Kwa mtu wa kawaida kuzifuata zote kulikuwa ghali, kwa hivyo akajenga pembeni ya sheria, na akishakuwa pembeni hakuna anayemwambia hata yale mambo mawili matatu yanayoweza kumwokoa.

Jaribio la maana lilikuwa Dandora. Kuanzia mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilipimwa, vya kati ya mita mraba 100 na 160. Unapewa kiwanja kikiwa na choo na bafu tayari, vingine vikiongezewa kidogo, halafu unajenga vyumba polepole ukipata pesa. Ukikiangalia vizuri kiwanja cha Dandora, ni Pumwani imerudi ikiwa imevaa suti. Choo nyuma, vyumba pembeni, uwanja katikati. Na kwa miaka kadhaa ilifanya kazi. Kisha mji ukazidi kujaa, wengi wa wenye viwanja wakapangisha vyumba vyote au wakauza wakaondoka, na aliyenunua hakuwa na haja ya uwanja katikati. Alijenga juu. Choo kilichopimiwa familia moja na wapangaji wachache kikawa msingi wa ghorofa nne, tano.

Ukitaka kuona mwisho wa hesabu hiyo nenda Pipeline saa sita mchana. Ghorofa saba, nane, ukuta kwa ukuta, na stima zinawaka kwenye korido ili uone tundu la funguo. Marie Huchzermeyer aliandika kitabu mwaka 2011, Tenement Cities, akilinganisha mitaa yetu na Berlin ya karne ya kumi na tisa. Kule Berlin kanuni ya mwaka 1853 ilitaka uwanja wa ndani usipungue mita 5.34 kwa 5.34. Ukiuliza kwa nini 5.34, ni kwamba hapo ndipo gari la pampu la zimamoto lingeweza kugeuka. Jua la mtoto halikupimwa. Wajenzi wakajenga mpaka kwenye sentimita ya mwisho ya ruhusa, familia zikalala zikizunguka shimo lenye upana wa pampu. Sisi wengine hata pampu haituingilii.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 mvua ilinyesha, na jengo la ghorofa sita lenye vyumba zaidi ya 100 likaanguka Huruma, karibu na mto. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi, na watu wakakumbuka hilo kwa sababu ndilo lililobebeka. Maafisa walisema jengo halikuwa na kibali. Basi kila mtu akaongea kuhusu kibali. Mimi kinachonikaa ni hesabu ya vyumba. Mtu alikaa chini akachora chumba kimoja cha teni kwa teni, akakirudia zaidi ya mara mia, na hakuna hata kimoja alichokusudia kulala yeye.

Sasa tuna Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2025 na kuiondoa ile ya 1968. Miaka hamsini na zaidi! Ni afadhali, bila shaka. Ila kanuni inaweza kukulazimisha uweke dirisha, haiwezi kukulazimisha ujali linatazama wapi. Hapa Nairobi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi, na dirisha la kaskazini au kusini ndilo linalokupa mwanga bila kukuchoma. Hilo halina gharama yoyote ukilifikiria siku ya kuchora. Siku ya kupiga plasta umechelewa.

Mchoro wa kwanza wa Anti ulikuwa na vyumba 24 kwenye ghorofa mbili, korido katikati, giza tupu. Nilimwomba mchoraji ageuze: safu mbili zikitazamana, korido iende nje iwe ya wazi, uwanja katikati, tangi la maji ya mvua kwenye kona, ngazi mbili badala ya moja. Vikabaki 20. Akanitazama kama mtu anayemwibia Anti pesa mchana.

Nikampelekea Anti karatasi zote mbili. Alizitandaza mezani, akaweka miwani, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Na mimi nitakaa wapi nikistaafu?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Tukatafuta chumba cha chini, karibu na lango, chenye dirisha la kaskazini. Akataka kiunganishwe na kile cha pili yake, maana magoti yake hayapendi ngazi na yeye hawezi kupikia kitandani. Vikabaki 19. Akazidisha kodi kwa kalamu pembeni ya karatasi, akaguna, akafuta, akazidisha tena. Wiki iliyopita mhandisi alipima udongo. Stempu ya kaunti bado tunaingoja.