Kosa halikuwa la mama: historia fupi ya kufundisha mtoto mwenye usonji



Hapa kwetu Aru, mtoto akifika miaka minne bila kusema, hatazami mtu usoni, anazungusha kifuniko cha chupa mchana kutwa, maneno yanaanza. Batu banauliza: "Mama yake alifanya nini?" Wengine wanasema mapepo, wengine bulozi. Kwa Kifaransa tunasikia autisme. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema usonji.

Lakini kumlaumu mama si tabia yetu peke yetu. Wasomi wakubwa nao walianguka ndani ya shimo hilo.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo. Aliwaeleza vizuri, ila aliongeza kwamba wazazi wengi walikuwa baridi kwa watoto wao. Bruno Bettelheim wa Chicago akalisukuma wazo hilo mbali zaidi, na kitabu chake cha 1967 kililieneza: mtoto amejifungia kwa sababu ya mzazi. Kama ni hivyo, dawa ni kumtenga na mama yake. Ona sasa, walisema bila neno bulozi, lakini mzigo ulimwangukia mtu yule yule.

Aliyekataa ni Eric Schopler. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1927 katika familia ya Wayahudi, wakakimbia nchi mwaka 1938. Alisoma Chicago, akayajua mawazo ya Bettelheim kwa karibu, akayapinga. Huko North Carolina, yeye na Robert Reichler walianza kazi mwaka 1966, wakawaita wazazi wawe walimu pamoja nao. Mwaka 1971 walitoa utafiti: watoto wale wale waliwekwa mara katika masomo yenye mpangilio, mara wakaachwa huru. Kwenye mpangilio walifanya vizuri zaidi. Mwaka 1972 bunge la jimbo likaikubali programu yao, TEACCH, iwe ya jimbo zima.

Mpangilio wenyewe ni nini? Kila kazi ina mahali pake: hapa kusoma, pale kula, pale kupumzika. Picha zinapangwa kwa safu, mtoto anaona kitu gani kinafuata. Kazi inaanzia kushoto, ikiisha inaingia ndani ya boksi la kulia. Akiona kushoto kumebaki tupu, anajua amemaliza. Mtoto huyu maneno yanampita haraka, lakini kile anachokiona kinabaki.

Mwaka 2003 wazazi wa Nairobi walianzisha Autism Society of Kenya, na shule ya serikali ya City Primary ikapata kitengo cha watoto hawa. Kwetu Congo, sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria iko, lakini sheria haishiki chaki.

Sisi tuliosoma, tufanye nini? Mkeka, maboksi mawili na picha za kuchora kwa mkono vinapatikana hata hapa sokoni. Tuanzie kwa mama. Ukimkuta, usimuulize alifanya nini. Muulize mtoto wake anapenda kitu gani, kisha mwanzie hapo.