Siri, Faragha na Simu ya Mkononi: Historia ya Mshika Ufunguo katika Mawasiliano ya Afrika Mashariki

Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, nchini India, zimo barua chache za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, zikiwamo za mwaka 1711 kutoka Kilwa. Wataalamu wa lugha huzithamini kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Ni mara chache kukumbukwa kwamba zimesalia kwa sababu zilihifadhiwa na utawala wa Wareno, wala si na walioziandika. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1892, Büttner alichapisha nchini Ujerumani mkusanyo wa barua na hati nyingine za Waswahili, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Barua zilizokwisha kufanya kazi yake ya awali zikawa somo la kusoma hati. Mwenye neno alikuwa mmoja, na mwenye kulihifadhi akawa mwingine. Hali hiyo haikuanza na simu ya mkononi, ingawa ni simu ya mkononi iliyoifanya kuwa jambo la kila siku kwa kila mtu.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa na maana moja, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha, kwa upande wake, inatokana na mzizi wenye maana ya utupu na nafasi. Ni mahali au wakati ambapo mtu yuko peke yake, au pamoja na awatakao tu. Mtu huenda faragha na mwenzake bila ya kuwa na siri yoyote. Siri huweza kutiliwa shaka na hata kulaumiwa. Faragha ni stahili. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuizingatia tofauti hii: mgeni hupokelewa dakani, na kadiri mtu anavyozidi kuingia, ndivyo anavyohitaji idhini zaidi, hadi kufikia ndani, chumba ambacho jina lake lenyewe latosha kukieleza. Na kabla ya hayo yote kuna hodi. Anayebisha husubiri, na asipoitikiwa huondoka. Mamlaka yote yako kwa aliye ndani.

Posta ya kikoloni haikuja na desturi hiyo. Barua hazikupelekwa majumbani, bali ziliwekwa katika masanduku, na anwani ya S.L.P. imedumu hadi leo. Sanduku lilikuwa la shule, la misheni, la shamba la mkonge au la ofisi. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu, padri, karani au bwana shamba. Barua ya mchumba iliyopitia shuleni iliweza kufunguliwa kabla ya kumfikia mwanafunzi, na wanafunzi walilijua hilo. Simu ya maandishi nayo, tangu waya wa chini ya bahari ulipoiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, ililipiwa kwa kila neno, na kila neno lilihesabiwa na karani aliyelisoma. Asiyejua kusoma alikuwa na mtu mwingine zaidi wa kati: mwandishi wa barua aliyekaa nje ya posta. Hata hivyo, watu hawa wote walikuwa na sura na majina. Karani aliyetoboa habari za msiba kabla ya wenyewe kuambiwa alijulikana, na aliweza kusemwa mtaani. Aibu ndiyo iliyokuwa sheria, na kwa kiasi fulani ilifanya kazi.

Simu ya mkononi ilipoenea katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000, ilionekana kumwondoa mtu wa kati. Kwa mara ya kwanza wengi walimiliki ufunguo wao wenyewe. Ufunguo huo haukuwa simu, ulikuwa laini. Wapo waliotembea na kadi ya laini mfukoni bila ya kuwa na simu, wakaiomba simu ya jirani, wakaichomeka laini yao, wakasoma ujumbe na kuichomoa. Simu za wakati huo zilimwezesha mtu kuchagua mahali pa kuhifadhia ujumbe, kwenye laini au kwenye simu, na aliyeazima alijifunza haraka kwa nini uchaguzi huo una maana: ujumbe uliobaki kwenye simu ulibaki kwa mwenye simu. Huu ulikuwa udhibiti mdogo lakini halisi, na ulieleweka bila ya kitabu cha maelekezo.

M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Pamoja nayo likaenea mno neno ambalo linastahili kuchunguzwa: namba ya siri. Ni tafsiri sahihi, na iliwasaidia wengi kujilinda. Lakini lilielekeza macho upande mmoja tu. Namba ya siri humkinga mwenye fedha dhidi ya jirani, ndugu au mwizi. Haimfichi mbele ya kampuni yenye leja. Wala haikumfunika mezani kwa wakala, ambako kwa miaka mingi daftari la karatasi lilikuwa wazi, likionesha majina, namba za simu, namba za vitambulisho na kiasi cha fedha cha kila aliyetangulia. Mteja aliyeficha namba yake kwa kiganja aliinama papo hapo kutia saini chini ya habari za majirani zake, na za kwake zikawangoja waliofuata nyuma. Siri ililindwa, faragha haikulindwa.

Katika miaka hiyohiyo kazi ya kuifanya kompyuta iseme Kiswahili ilikuwa imepamba moto. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikashughulikia Kiswahili. Mijadala ya istilahi ilikuwa mikali: je, ni nywila, neno la siri, au paswedi? Jitihada hizo zilistahili. Hata hivyo, kilichotafsiriwa zaidi ni vitufe na menyu, huku masharti marefu ya matumizi yakibaki kwa Kiingereza mara nyingi. Mtumiaji alipewa kitenzi cha kukubali katika lugha yake, na alichokikubali katika lugha ya wengine. Neno mtumiaji lenyewe lina jambo la kutafakari. Linatokana na tumia, na tumia inatokana na tuma, mzizi uliozaa pia mtume, mtumishi na mtumwa. Kwa asili, anayetumia chombo ndiye anayekituma.

Gharama ya pengo hilo ilidhihirika zaidi Kenya, katika programu za mikopo ya simu zilizoenea katika miaka ya 2010. Ili kupata mkopo mdogo, mkopaji aliombwa ruhusa ya kusomwa ujumbe wake na orodha ya majina yaliyomo simuni. Alipochelewa kulipa, baadhi ya wakopeshaji waliwapigia simu wazazi wake, waajiri na marafiki, wakawatangazia deni. Watu hao hawakuwa wamekopa wala kubonyeza chochote. Namba zao zilitolewa na mwingine. Aibu, ambayo zamani ilimzuia karani asitoboe habari, sasa ikawa chombo cha kudaia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, ilikuwa tayari imeitambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ikafuata mwaka 2019, kisha kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Mwaka 2023 Google nayo ilizuia programu za mikopo binafsi katika duka lake kusoma majina na picha za watumiaji. Inatia uchungu kidogo kwamba kanuni ya kampuni ya ng'ambo ilikuwa na uwezo wa kufika kwenye simu nyingi kwa siku moja kuliko sheria za nchi.

Tanzania ilipitia njia yake. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zikazimwa. Laini iliyokuwa ufunguo wa mfukoni ikafungamana na kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Katika lugha ya sheria, kinachotakiwa kwa mwenye taarifa ni ridhaa. Neno hilo ni la jamaa moja na radhi na kuridhika, na lina uzito ambao kukubali hakuna. Mtu aweza kukubali kwa kuwa hana njia nyingine. Kwenye kioo cha simu, hata hivyo, kitufe bado kimeandikwa Nakubali, na programu nyingi asipokibonyeza mtu hazifunguki.