Kitabu Kimoja cha Binyavanga

Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2011. Hapo katikati kuna miaka tisa, na karibu kila mwandishi kijana ninayemjua Nairobi ana maelezo yake kuhusu hiyo miaka. Wengi husema tu kwamba jamaa alishika mengi mno. Mimi nimekuwa nikiirudia hiyo hesabu kwa sababu zangu: kwa kompyuta yangu sasa hivi kuna riwaya mbili, tamthilia moja na historia ya mtaa wetu, zote zimeanza vizuri, hakuna hata moja iliyovuka kurasa arobaini.

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Miaka ya tisini akaenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, masomo ambayo hakuyamaliza. Cape Town akawa mpishi wa shughuli na mwandishi wa safari na vyakula. Na si mpishi wa kubahatisha: wasifu wake ulitaja kwamba amekusanya mapishi ya Kiafrika zaidi ya 13,000. Elfu kumi na tatu! Mtu kama huyo ukimwambia achague kitu kimoja, ni kama umemwambia azime majiko mengine yote.

Kisha "Discovering Home", iliyokuwa imetoka mtandaoni, ikashinda Caine, na pesa za tuzo zikaja. Ushauri wa kawaida hapo ungekuwa: jifungie ndani, andika kitabu wakati jina bado lina moto. Yeye akachukua sehemu ya hizo pesa akasaidia kuanzisha Kwani?, na toleo la kwanza likatoka 2003.

Lazima ukumbuke hali ilivyokuwa, ama umuulize aliyekutangulia. Moi alikuwa ameondoka Desemba 2002 baada ya miaka 24. Watu walikuwa na mengi ya kusema na mahali pa kuyasemea hapakuwepo, maana wachapishaji wetu walikula kwa vitabu vya shule. Kwani? ikaweka Sheng, picha, mashairi na insha ndefu ndani ya jalada moja. Humo ndimo ilimotoka "Weight of Whispers" ya Yvonne Adhiambo Owuor, na ikashinda Caine ya 2003. Yaani tuzo ilirudi Kenya mwaka uliofuata, kupitia jarida ambalo mshindi wa kwanza alikuwa analijenga badala ya kuandika kitabu chake. (Naye Yvonne alitumia kama miaka kumi kutupatia Dust. Hakuna aliyemfukuza na saa.)

Mwaka 2005 jarida la Granta likatoa "How to Write About Africa". Ni kurasa chache tu, na zilianza kama barua pepe ya hasira kwa jarida lenyewe. Ndiyo maandishi yake yanayojulikana zaidi duniani, na hayakuwa mradi wowote. Nikiwa na mhariri anayeniuliza "unaandika nini siku hizi?" huwa natamani kumtajia hiyo barua pepe.

Kwa hivyo wanaosema alipoteza miaka tisa siwaelewi. Lakini pia sitaki kudanganyana kwamba jarida na kitabu ni kitu kimoja. Wahariri wengi hapa mjini wamezeeka wakinyoosha sentensi za wengine, na zao hatutazisoma kamwe. Kuna gharama, na yeye aliilipa. Alipokufa alikuwa ametoa kitabu kimoja kamili, One Day I Will Write About This Place. Hata jina lenyewe linaahidi: siku moja, nitaandika.

Halafu Januari 2014 akatoa insha fupi, "I am a Homosexual, Mum", akaiita sura iliyopotea ya kitabu hicho. Hapo ndipo mimi husimama. Kitabu kilichochukua miaka tisa bado kilikuwa na pengo, na pengo lilikuwa katikati ya maisha yake. Siwezi kusema ndilo lililomchelewesha, na sitaki kumsingizia marehemu. Ila tangu niisome nimeacha kuhesabu faili zangu na kuanza kuangalia ni wapi hasa kila moja inakatikia. Hizo riwaya mbili huchoka tu, kama riwaya. Historia ya mtaa ni tofauti. Inaenda mbio kuanzia ploti za kwanza, kiosk ya maji, shule, timu ya mpira, mpaka inafika Januari 2008. Hapo kuna jirani ambaye sijui nitamwandika vipi, na watoto wake bado tunasalimiana. Kila nikimfikia, nafungua faili lingine.

Kwani? iliandika 2008. Toleo la tano lilikuwa la juzuu mbili, kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, sauti za watu wengi pamoja. Wengi ni rahisi, nadhani. Peke yako ni kazi nyingine.

Binyavanga alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na miaka 48. Mwaka 2022 rafiki yake Achal Prabhala akakusanya maandishi yaliyokuwa yametapakaa kwa magazeti na mitandao, yakawa kitabu kinene. Kinabeba jina la ile barua pepe ya hasira.