Meza na Darasa: Habari za Migomo ya Waalimu wa Kenya

Atakaye kuifahamu migomo ya waalimu wa Kenya hana budi kuanza na swali ambalo leo laonekana jepesi: mwajiri wa mwalimu alikuwa nani? Katika siku za ukoloni swali hilo lilikuwa na majibu mengi kupita kiasi. Mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni ya Kikatoliki, jirani yake na misheni ya Kiprotestanti, wa tatu na bodi ya elimu ya wilaya, na baadaye wengi wakawa chini ya mabaraza ya wilaya. Wote walifundisha hesabu ile ile, walakini mishahara yao na likizo zao zilitofautiana, na hata mwenendo uliotakiwa kwao nje ya darasa haukuwa mmoja. Mwalimu wa misheni aliyeoa mke wa pili aliweza kupoteza kazi, ilhali mwenziwe wa ng'ambo ya mto hakuulizwa neno. Mwenye madai alizungushwa: misheni ilisema fedha ni za serikali, na serikali ikasema mwajiri ni misheni.

Chama cha Taifa cha Waalimu, kijulikanacho kwa herufi zake KNUT, kilizaliwa Nairobi, katika Ukumbi wa Ukumbusho wa Pumwani, tarehe 4 Desemba 1957, kikaandikishwa mwaka 1959. Miongoni mwa waliolitetea wazo la chama kimoja katika Baraza la Kutunga Sheria alikuwamo Daniel arap Moi, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia barazani mwaka 1955. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa miaka arobaini baadaye chama hicho hicho kilimjia na madai akiwa Rais.

Dai kubwa la KNUT katika miaka ya kwanza ya uhuru lilikuwa mwajiri mmoja. Ni nadra kusikia wafanya kazi wakigoma ili wampate wa kuwaajiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilikuwa imeliangalia tatizo hilo mara tu baada ya uhuru. Hata hivyo ilihitajiwa nguvu ya mgomo, na mgomo wa taifa ulikuja mwaka 1966. Tarehe 1 Julai 1967 Tume ya Kuajiri Waalimu, yaani TSC, ikaanza kazi, na pamoja nayo ikawekwa kamati ya mishahara ambamo wajumbe wa chama waliketi wakikabiliana na wajumbe wa mwajiri. Meza ikapatikana. Mwalimu wa Lamu na mwalimu wa Kisumu wakawa na bwana mmoja, na mizani moja ya mshahara.

Lakini meza ile iliwekwa kwa ajili ya mshahara. Idadi ya watoto darasani na upungufu wa waalimu vilihesabiwa kuwa mambo ya sera, na sera ni mali ya serikali. Mpaka huu haukugombewa sana mwaka 1967, kwa kuwa njaa ya mshahara ilikuwa kubwa kuliko njaa nyingine zote. Athari yake ilionekana upesi. Januari 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza, na wanafunzi wa shule za msingi wakapanda kutoka karibu milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Watoto wakaketi chini ya miti, na watu wasiopata mafunzo yoyote ya ualimu wakapewa chaki. Waalimu walilipokea tangazo hilo redioni na magazetini kama raia wengine wote.

Mgomo unaotajwa zaidi ni ule wa Oktoba 1997. Katibu Mkuu wa KNUT wakati huo alikuwa Ambrose Adongo, mtu aliyejua kuchagua saa. Mitihani ya taifa ilikuwa mlangoni, na uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Serikali ya Moi haikuwa na nafasi ya kungoja. Ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, pamoja na marupurupu, ilipwe kwa awamu tano. Maafikiano yakachapwa katika Gazeti Rasmi kuwa Tangazo la Kisheria Namba 534 la 1997. Awamu ya kwanza ikalipwa, uchaguzi ukapita, na mwaka 1998 serikali ikasema hazina haina kitu. Waalimu wakagoma tena mwezi wa Oktoba mwaka huo, wakarejea madarasani mikono mitupu. Wakagoma tena mwaka 2002, mwaka mwingine wa uchaguzi. Serikali mpya ya Mwai Kibaki ikaanza kulilipa deni kipande kwa kipande, kwa tangazo jingine, Namba 16 la 2003. Hata mwaka 2013 waalimu walikaa nje kwa zaidi ya wiki tatu wakidai marupurupu ya tangazo la 1997, na jibu walilopewa ni kwamba lile la 2003 lilikwisha kulifuta. Ni matangazo machache ya serikali ambayo nambari zake zimekaa ndimi za watu kwa muda mrefu namna hiyo.

Jambo lisilosimuliwa sana ni lililotokea darasani wakati wakubwa wakishindana juu ya nambari hiyo. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha uajiri wa waalimu wapya. Aliyefariki, aliyestaafu au aliyeacha kazi ndiye tu aliyewekewa mwingine mahali pake. Idadi ya waalimu wa serikali ikaganda kwenye 235,000 hivi. Kisha Januari 2003 karo ikafutwa katika shule zote za msingi, na wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Furaha ya wazazi ilikuwa ya haki. Walakini mwalimu mwenye watoto themanini, akitoa dakika mbili tu kwa kila daftari, ahitaji saa mbili na dakika arobaini kusahihisha zoezi moja la somo moja. Basi hutoa mazoezi machache, au huwaambia watoto wasahihishiane, na mtoto wa dawati la nyuma humaliza muhula bila jina lake kutajwa. Mambo haya hayaonekani katika hati yoyote ya mshahara. Kamati za wazazi zilichanga fedha kuajiri waalimu wao wenyewe kwa malipo duni, kiasi kwamba elimu iliyoitwa ya bure ililipiwa kwa mlango wa uani. Serikali nayo, mwaka 2010, ilileta waalimu wa mkataba waliolipwa chini sana kuliko wenzao waliofanya kazi ile ile.

Kwa sababu hiyo mgomo wa Septemba 2011 wastahili kupewa nafasi kubwa kuliko inayopewa. Haukuchukua muda mrefu, wiki moja na siku kidogo, wala haukuwa na vishindo vya 1997. Dai lake kuu lilikuwa waalimu wapya 28,000. Watu waliokuwa tayari na kazi waligoma ili wengine waajiriwe, na chama cha waalimu wa sekondari, KUPPET, kikasimama bega kwa bega na KNUT. Serikali ilikubali kuwapa ajira ya kudumu waalimu wa mkataba 18,060 na kuajiri wengine 5,000. Nambari hizo hazikulifikia dai, na darasa la watoto themanini halikupungua sana. Hata hivyo, kwa mara hiyo, darasa lenyewe liliwekwa juu ya meza, si kama kipambo cha hotuba bali kama hoja.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kubadilika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, ilitamka haki ya kugoma na haki ya chama kujadiliana na mwajiri. Katiba hiyo hiyo ilizaa Tume ya Mishahara na Marupurupu, na meza iliyokuwa na pande mbili ikapata upande wa tatu. Uzito wa jambo hilo ulidhihirika mwaka 2015. Mahakama ya Kazi iliwapa waalimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina fedha. Mgomo ukaanza Septemba mosi ukadumu wiki tano, shule zikafungwa, na mshahara wa mwezi huo ukazuiwa. Mwezi wa Novemba Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu, mojawapo ya sababu zake ikiwa kwamba ushauri wa Tume ya Mishahara haukufuatwa. Mkataba wa pamoja wa kwanza ulitiwa sahihi Oktoba 2016, wa shilingi bilioni 54 kwa miaka minne, bila mgomo. Uliofuata, wa 2021, haukuwa na nyongeza ya mshahara hata senti. Faida yake ilikuwa katika mambo kama likizo ya uzazi, iliyotoka siku 90 hadi 120. Wako waliouita mkataba mtupu. Hukumu hiyo ni kali mno, kwani siku thelathini za mama na mtoto wake mchanga si kitu kitupu. Lakini juu ya idadi ya watoto darasani waalimu hawakupata kitu.

Mwaka 2023 sekondari ya chini ilifunguliwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, na mwalimu mmoja akajikuta akibeba masomo ambayo hakuyasomea. Pengo likazibwa kwa wanagenzi, waalimu waliofuzu wakipokea posho badala ya mshahara. Nao wakagoma mwaka 2024. Tarehe 17 Aprili mwaka huo mahakama ilitamka kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri kwa namna hiyo, na mwezi wa Agosti KUPPET kikagoma kikidai, pamoja na mengine, wapewe kazi ya kudumu. Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakaipata. Mwaka huo huo wanagenzi wapya wapatao 20,000 wakaingia madarasani.