Fundi wa Mshale Tuliyemsahau

 

Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume wetu (s.a.w.) kwamba mshale mmoja unaweza kuwa sababu ya watu watatu kuingia Peponi: aliyeutengeneza kwa nia ya kheri, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Hadithi hii utaikuta kwa Abu Daud na kwa Tirmidhi. Tukiisoma huwa tunamkimbilia yule mrushaji. Hebu leo tusimame kwa fundi, maana kwetu huku, kuanzia Hadado na Wajir hadi msitu wa Boni kule Garissa, fundi huyu hakutendewa haki.

Kazi yake ngumu iko pale chembe, kile kichwa cha chuma, kinapokutana na wano, yaani ufito wa mshale wenyewe. Chembe kikilegea, umerusha fimbo tu. Kikishika mno, siku kikipinda au kuvunjika unatupa mshale mzima.

Angalia mishale ya siku hizi. Mwaka 2016 kule Rio, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki alikuwa mrusha mishale, Shehzana Anwar. Mishale ya michezo ile ni ya kaboni, au kaboni pamoja na alumini, myembamba, na ina uwazi ndani kama mrija wa soda. Chembe huingizwa kwenye mdomo wa wano kwa gundi. Kwa mishale ya aina nyingine hutangulia kibomba kifupi cha alumini au shaba, kinagandishwa ndani, halafu chembe kinakazwa humo kwa skurubu.

Sasa kibomba kikiharibika utakitoaje? Ukilitia wano lenyewe motoni umeliua, kwa sababu nyuzi za kaboni nazo zimeshikanishwa kwa gundi. Mafundi hupasha moto chembe tu, sekunde chache chache, joto lipite kwenye chuma liingie ndani, kisha huvuta kwa koleo huku wakizungusha. Kama gundi ni ile ya kuyeyuka, hata maji yaliyochemka huenda yakatosha. Kama ni epoksi, hapo kuna kazi! Wengine hutoa kile kipande cha nyuma kinachoshika upote wa upinde, wakapitisha fimbo ya chuma ndani na kukigonga kibomba kitokee mbele. Halafu husafisha ndani kwa spiriti, hukwaruza kibomba kipya kwa msasa, hupaka gundi na kukiingiza kwa kuzungusha ienee. Kabla ya kurusha tena, wano hupindwa kidogo huku sikio likisikiliza. Likilia kama kuni kavu lina ufa, na wano lenye ufa linaweza kupasukia mkononi.

Usidhani ujuzi huu ulianza na viwanda. Mafundi wa Kiarabu na Kituruki walitumbukiza mkia wa chembe ndani ya mti, wakafunga kwa mishipa ya mnyama na gundi, na gundi ya ngozi hulainika kwa maji na joto. Karne ya 14, enzi ya Wamamluki, Taybugha al-Baklamishi aliandika kitabu kizima kuhusu elimu ya upinde.

Na hapa kwetu? Waata, wawindaji walioishi kando ya Waborana na Waorma, waliitatua shida hiyo bila gundi kabisa. Chembe kilikaa juu ya kijiti kifupi kilichopakwa sumu, na kijiti hicho kilichomekwa tu kwenye mdomo wa wano. Ndovu akipigwa, wano huanguka chini na chembe hubaki mwilini. Mwindaji huokota wano lake, akachomoa kichwa kingine kwenye podo, akachomeka. Basi! Sumu nayo ilizungushiwa utepe wa ngozi laini isikauke, wala isimguse mwenyewe. Wakamba pia walikuwa na mishale ya namna hii.

Sumu ilitoka kwenye msunguti, mti ambao Wasomali huuita waabaayo. Mbao na mizizi yake ilichemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa nyeusi na nzito kama lami. Richard Burton aliitaja katika kitabu chake cha safari za Usomali, mwaka 1856. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akatenga kiini chake, kikaitwa ouabain. Jina hilo ni waabaayo yetu, imetamkwa Kifaransa! Ikawa dawa ya moyo huko Ulaya, kisha ikawasaidia wanasayansi kuchunguza ile pampu ya chumvi iliyo ndani ya seli za miili yetu, ambayo Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Lakini watu wa mshale wenyewe je? Kwa Wasomali, Tumaal waliofua chuma na Madhiban waliowinda walinyimwa posa kwa vizazi. Waata walionekana watu wa chini kwa wafugaji. Waaweer wa msitu wa Boni, Waislamu wenzetu wanaofunga Ramadhan kama sisi, tumewaita Boni, jina ambalo wao hawajiiti. Ni watu haohao wa mshale tunaousoma kwenye hadithi.

Kisha ikaja sheria. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948, na katika msako wa 1956 na 1957 Waata wengi wa upande ule walifungwa jela. Sisemi ndovu wauawe. Biashara ya pembe ilikuwa balaa. Lakini walioshikwa ni wenye upinde, si wenye meli. Mpango wa Galana wa mwaka 1960 ulikusudiwa kuwapa njia halali ya kuwinda, wapi! Hifadhi ya Boni ikatangazwa 1976, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima.

Ndugu msomaji, ukienda Isiolo, Marsabit, au Basuba na Mangai kule Lamu, ukakutana na mzee wa Kiwaata au Kiaweer baada ya tarawehe, muulize wano lilikatwa kwenye mti gani na mdomo wake ulitobolewa kwa kitu gani. Andika anavyosema, kwa lugha yake.