Mtoto Mwenye Usonji: Huduma Zinazopaswa Kushikana Mikono

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mtoto aweza kuchelewa kusema, kukwepa kutazamana na watu, kurudiarudia tendo moja au kutaabishwa na kelele. Si laana, si pepo, wala si tunda la malezi mabaya. Kumfungia ndani humnyima msaada katika miaka anayouhitaji zaidi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinalinda haki yake ya matibabu na elimu. Kwa familia ya Mpanda, Nsimbo au Mlele, njia huanzia zahanati, hupitia kwa mwalimu na Afisa Ustawi wa Jamii, na yaweza kufika Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Wahudumu hao wasipowasiliana, mzazi huanza upya katika kila mlango.

Parokia nayo ina wajibu. Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa yamtaka paroko ahakikishe kwamba katekesi inawafikia pia wenye ulemavu wa mwili au wa akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Basi, wazazi wapendwa, mwandikisheni mtoto huyo katika mafundisho. Katekista azungumze na mwalimu wake, na jumuiya ndogo ndogo imsindikize mama yake hospitalini.